Darmi na Ziwa la Adhuhuri

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wakioana kwa mahari na kubisha hodi wanapotembeleana, palikuwa na nchi ya mawe meusi upande wa kaskazini. Mvua ilikuwa ikipita juu ya nchi hiyo kama mgeni mwenye haraka, asiyetaka hata kukaribishwa. Ukitaka kuishi kule ilikupasa ujifunze. Asiyejifunza, nchi ilimfundisha mara moja tu, na hakuwa na nafasi ya kurudia somo.

Hata miti ilikuwa imejifunza. Mgunga ulipoona kiangazi kinakuja uliangusha majani yote ukasimama uchi, ungedhani umekufa, kumbe mizizi iko chini kabisa inanyonya. Waridi la jangwa liliweka maji yake ndani ya shina, shina likavimba kama mtungi, kisha likayatia sumu ili asiyaguse mwenye kiu. Chura alichimba shimo, akajifunga ndani ya ngozi yake mwenyewe kama mzigo, akalala mpaka mvua imgongee mlango. Na firigogo, yule ndege wa mchangani, aliruka alfajiri hadi kwenye maji ya mbali, akalowesha manyoya ya kifua, akarudi nayo yakidondoka ili vifaranga vyake vinyonye.

Lakini hakuna waliojua kuishi kule kama Digidigi.

Walikuwa wawili, mke na mume. Mke aliitwa Darmi, mume Galgalo. Wadogo, miguu kama vijiti, pua ndefu zinazochezacheza kila wakati. Hawa walikuwa hawanywi maji. Msinikatize, nimesema hawanywi. Waliamka kabla ya mapambazuko, wakati majani ya mti wa mswaki yamebeba ubichi wa usiku, wakayachuma moja moja. Walilamba umande kwenye nyasi na kwenye mawe. Jua lilipotokeza wao walikuwa wameshashiba na kurudi kichakani, na mchana kutwa walilala kivulini ubavu kwa ubavu, hawakimbii, hawabishani, pumzi ikiingia na kutoka taratibu katika zile pua ndefu na kuipoza damu yao. Galgalo alikuwa na msemo wake. Alisema tone la maji halina miguu, lakini ukilichezea linaondoka.

Sasa, mwaka mmoja kiangazi kilipanda mpaka mlimani. Mlima ule ulikuwa mbali, una misitu na chemchemi, na wenyeji wake hawakuwahi kujua kiu ni kitu gani. Chemchemi zilipokauka, wakashuka. Aliyetangulia alikuwa Ndovu, na nyuma yake Nyati.

Katika nchi ya mawe meusi kulikuwa na korongo kavu, na ndani ya korongo hilo Punda Milia alikuwa amechimba kisima. Alikichimba kwa kwato, siku nyingi, mpaka mchanga ukaanza kutoa jasho. Maji yalichuruzika kidogo kidogo. Wenyeji walikunywa kwa zamu: Punda Milia na familia yake, kisha Choroa mwenye pembe ndefu, kisha Ngiri. Kila mmoja alipiga mafunda yake akampisha mwenzake, na kisima kikapewa muda wa kujaa tena.

Ndovu alipofika hakuuliza zamu ya nani. Alitumbukiza mkonga, fyoooo, kisima kikabaki matope. Akakaa pale pale kungoja maji mengine. Nyati naye akakaa upande wa pili.

Punda Milia alikwenda kulalamika kwa heshima zote, akaeleza kwamba kisima ni chake na kwamba hakatazi mtu ila kuna utaratibu. Nyati alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamrusha kwa pembe. Tangu siku hiyo wenyeji walisimama juu ukingoni, wakitazama wageni wawili wakinywa maji yao. Ndama wa Choroa walilala chini hawainuki. Ngiri alitafuna mizizi mikavu mpaka fizi zikatoka damu.

Darmi aliyaona hayo yote. Usiku alimweleza mumewe kwamba hana raha. Galgalo akamwambia kisima si chao wala hawakihitaji, na mdogo hajiingizi katika ugomvi wa wakubwa. Lakini wakubwa hawangoji uwaendee, hukufuata wenyewe.

Asubuhi moja Nyati alikuwa anatafuta nyasi, akamkuta Darmi kwenye mswaki. Akasimama akamkodolea macho. Wanyama wote wa nchi ile walikuwa wamebaki mifupa na ngozi, na huyu hapa manyoya laini, macho maangavu, pua inang'aa kwa ubichi.

Nyati akamuuliza anakunywa wapi. Darmi akamjibu kwamba hanywi. Nyati akamswaga mbele yake hadi korongoni, na Galgalo aliyetoka kichakani kumfuata mkewe akaswagwa naye.

Ndovu aliwatazama kwa muda mrefu. Hakuwa mkali wa sauti. Alizungumza kama mtu mzima anayeongea na watoto.

"Binti, sitaki kukuumiza. Nionyeshe kisima chako."

"Sina kisima, mzee."

"Unakunywa nini?"

"Nakula majani kabla jua halijayakausha. Nalamba umande. Mchana siutoi mguu wangu juani."

Ndovu akamgeukia Nyati, wakacheka. Darmi aliwaeleza tena, kwa utaratibu, kila kitu tangu mapambazuko mpaka machweo. Akawaambia waje alfajiri wajionee wenyewe. Na kweli walikuja. Nyati alilamba mawe, nyap, nyap, mpaka ulimi ukachubuka, akapata ubichi usiotosha hata kulowesha meno yake. Ndovu aling'oa mswaki mzima, akautafuna pamoja na matawi, akabaki na kiu ile ile. Wakaona wamefanyiwa mzaha.

"Nimeishi miaka mingi," alisema Ndovu, "sijaona kiumbe asiyekunywa. Wewe una maji, na unatuficha sisi kwa kuwa ni wageni. Huo ndio ukarimu wenu?"

Akavunja matawi ya miiba akayapanga mduara katikati ya mchanga, mahali peupe pasipo na kivuli hata cha kidole. Nyati akamsukumia Galgalo ndani. Wakamwambia Darmi kwamba siku atakapowaonyesha kisima chake, mumewe atatoka.

Ninyi mmekwisha kusikia jinsi Digidigi wanavyoishi. Mnajua basi maana ya kumweka Digidigi kwenye jua la mchana. Ni kama kumweka samaki juu ya jabali.

Siku hiyo jua lilipopanda, Galgalo alizunguka zunguka ndani ya boma la miiba, kisha akasimama, kisha akalala. Darmi alikuwa ukingoni pamoja na wengine, anamwona pua inavyokwenda mbio. Akashindwa kuvumilia. Akaenda kwa jirani yake, Fuko.

Mama Fuko aliishi chini ya ardhi na ukoo wake. Maisha yao yote yalitegemea kiazi kimoja cha mwituni, kikubwa kuliko Ngiri, kilichojaa maji. Hawakukimaliza. Walitoboa kidogo, wakala nyama ya ndani, wakaziba kidonda kwa udongo ili kiazi kipone na kuota tena. Darmi alikuwa anajua kiazi kilipo. Miongoni mwa wanyama wa juu ya ardhi, yeye peke yake ndiye aliyejua.

Alibisha hodi mlangoni, akaomba kipande kimoja tu, cha kulowesha midomo ya mumewe.

Mama Fuko alitoa pua nje, macho yake yasiyoona yakiwa yameelekea pembeni.

"Pole sana, jirani. Lakini siwezi."

"Kipande cha kutosha mdomo mmoja, Mama Fuko."

"Ndovu akinusa kiazi mdomoni mwa mumeo, ataniuliza mimi au atachimba? Nina watoto huku ndani. Nisamehe."

Akarudi ndani, na Darmi akasikia udongo ukisukumwa, mlango ukizibwa.

Alisimama pale. Wazo lilimjia, na lilimjia likiwa kamili, halikuhitaji kufikiriwa: akamwambie Ndovu. Neno moja tu. Ndovu angechimba, angekuta maji kweli, na Galgalo angekuwa kichakani kabla ya jua kuzama. Mlango amefungiwa, ana deni gani kwa aliyemfungia?

Akaanza safari ya kurudi korongoni akiwa na neno hilo mdomoni. Alipopiga hatua chache alisikia chini ya kwato zake watoto wa Fuko wanagombana, vijisauti vyembamba, kila mmoja anadai mwenzake amemlalia. Mama yao akawanyamazisha. Darmi alisikiliza mpaka wakatulia. Alipofika korongoni, Nyati alimuuliza kama amekumbuka kisima kilipo. Akajibu hapana.

Jioni walimruhusu kusogea kwenye miiba. Midomo ya Galgalo ilikuwa imepasuka.

"Nimewaeleza ukweli mara nyingi," Darmi alisema. "Hawautaki."

"Basi wape wanachokitaka."

"Nitakipata wapi, Galgalo?"

Galgalo alilaza kichwa chake karibu na miiba, upande aliokuwa mkewe, akamwambia akale kabla umande haujakauka, asije akadhoofika na yeye.

Kesho yake jua lilipofika juu, Darmi alikuwa ukingoni, na mbele yake ulitandaa uwanda wa chumvi, mweupe, mpana, mwisho wake hauonekani. Na juu ya uwanda ule, kama ilivyo kila siku ya Mungu, mazigazi yalikuwa yanameremeta. Maji matupu, ungesema. Mawimbi madogo, na vivuli vya miti vimeinama juu yake. Watoto wa nchi ile hufundishwa habari za mazigazi kabla hawajaacha kunyonya: yale si maji, ni jua linacheka.

Darmi alikuwa ameyaona mazigazi hayo maisha yake yote. Siku hiyo aliyatazama kwa jicho jingine. Ndovu na Nyati walikaa chini korongoni kila mchana tangu walipofika. Kuta za korongo ziliwazuia. Uwanda walikuwa hawajauona wakati wa adhuhuri.

Kwanza alimtafuta Punda Milia, aliyekuwa amejilaza kwa maumivu ya mbavu. Akamweleza anachokusudia.

"Kaka, ninakuomba jambo moja tu. Wakishaondoka, ondoa miiba. Mbebe Galgalo umpeleke kivulini, umpe funda la maji, ndipo wengine wanywe. Hata kama mimi sitarudi."

Punda Milia akaapa kwa watoto wake. Na alipokuwa anaapa, alikuwa anamaanisha; jueni hivyo.

Kisha Darmi akateremka kwa Ndovu, ameinamisha kichwa. Akasema amechoka na amekubali. Alichokuwa akificha si kisima, ni ziwa.

Nyati akasimama mara moja. Ndovu akamuuliza liko wapi. Darmi akasema liko uwandani, lakini asubuhi halionekani wala jioni. Huonekana jua likiwa utosini, kwa hiyo ni lazima kwenda adhuhuri. Ndovu akauliza kwa nini. Akajibiwa kwamba ndivyo lilivyo tangu enzi za mababu. Ndovu akauliza kama wenyeji wengine wanalijua. Darmi akasema wote wanalijua, na hakuna hata mmoja atakayethubutu kulifuata.

Mnaona, wanangu? Hayo yote yalikuwa kweli. Uongo wake ulikuwa neno moja tu, "ziwa."

Aliomba mumewe atolewe kwanza. Ndovu akatikisa masikio. "Tukishakunywa," alisema.

Basi wakapanda ukingo wa korongo, na uwanda ukawafungukia mbele. Nyati alishusha pumzi kama mtoto aliyenyamazishwa kilio.

"Dada," alisema Nyati, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "nisamehe. Nilikudhania mwongo."

Ingekuwa heri kwa Darmi kama Nyati angemtukana.

Wakaingia uwandani. Chumvi iliwaka chini kama kikaango. Kwa maisha yake yote Darmi hakuwahi kutembea saa ile, na alijua kwamba akitembea juani hatafika popote. Akaingia chini ya tumbo la Ndovu, mahali palipokuwa na kivuli, akawa anatembea humo. Ndovu alifikiri anafanya hivyo kwa mapenzi.

Walikwenda, na ziwa likaenda. Nyati alianza kutoa povu mdomoni. Akauliza mbona halikaribii.

"Linaogopa wageni," Darmi akasema. "Ukilijia polepole linakuona. Kimbieni."

Wakakimbia. Ti, ti, ti, ti, ardhi ikatetemeka. Walio mlimani hawajui kwamba mkubwa akikimbia juani, jua humwingia mwilini na kukosa mlango wa kutokea. Darmi aliwaacha watangulie. Palikuwa na shimo la zamani la Muhanga, yule mla mchwa, kando ya uwanda. Akaliingia, akajikunja, pua ndani ya udongo uliopoa. Alisikia kwato zikififia. Baadaye kidogo, kutoka mbali, alimsikia Nyati anaita.

"Dada! Bado ni mbali?"

Aliita tena. Halafu hakuita.

Jua lilipolegea, Darmi alitoka akashika njia. Hakutazama nyuma uwandani. Alikwenda upesi, na alipokaribia korongo alisikia kelele za furaha. Walikuwa wanakunywa. Ndama wa Choroa walikuwa wamesimama kwa miguu yao. Ngiri amejaa matope hadi machoni. Watoto wa Punda Milia walikuwa wanarushiana maji, wao ambao jana walikuwa hawana hata mate.

Boma la miiba lilikuwa kama alivyoliacha.

Galgalo alikuwa amelala ndani, kichwa kimeelekea upande wa ukingo, ambako kivuli cha jioni kilikuwa kimeanza kuja. Kivuli kilikuwa kimemfika puani. Nzi walishafika mapema zaidi.

Darmi alipenya katikati ya miiba, ikamchana, akalala ubavuni kwa mumewe. Kelele zikapungua kidogo kidogo. Punda Milia akasogea, maji yanamdondoka kwenye kidevu.

"Uliniapia," Darmi alisema.

"Nilikuwa nakuja, Darmi. Niliweka mdomo mara moja tu, nipate nguvu ya kuvuta miiba. Kisha watoto wakaja. Kisha wengine." Akatazama chini. "Sikujua kama saa zimekwenda. Kiu, dada. Wewe hujui kiu."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli.

Walimzika Galgalo kwa heshima. Wote walikuja. Ngiri alichimba kaburi, Choroa akatoa maneno mazuri, akasema Darmi ni shujaa wa nchi nzima, na kwamba kiumbe kidogo chenye miguu kama vijiti kimewaangusha majabali wawili. Waliokuwa pale wakaitikia. Watoto wakalifanya jambo hilo mchezo: mmoja anakuwa Ndovu, mmoja Nyati, na mmoja anawakimbiza kulifuata ziwa. Juu ya uwanda wa chumvi tai walikuwa wakizunguka, na hawakuondoka upesi.

Mama Fuko alitoa pua yake nje Darmi alipopita.

"Uliwaambia?" aliuliza.

"Sikuwaambia."

"Mungu akubariki," alisema Mama Fuko, akarudi ndani, akaziba mlango.

Hazikupita siku nyingi, Ngiri alifika kisimani akamkuta Punda Milia amesimama juu ya maji, amepanua miguu. Akaambiwa angoje. Alipouliza zamu ni ya nani, akajibiwa kwamba aliyechimba anajulikana, na aliyevunjwa mbavu kwa ajili ya kisima anajulikana, na wengine washukuru kwa watakachopewa. Ngiri akapanda ukingoni akasimama mahali pale pale aliposimama wakati wa Ndovu. Akamtuma mjumbe amwite Darmi, kwani yeye ndiye mwenye akili, aje atafute hila nyingine.

Darmi alikuwa kichakani. Mjumbe alimkuta macho yametazama ukuta wa majani, na chini ya kila jicho pana mstari mweusi wa machozi yaliyokauka.

"Wanakuuliza uliwadanganyaje wale wakubwa," mjumbe alisema, "ili wajue la kufanya."

"Waambie nilianza kwa kuwaambia ukweli wakaukataa," Darmi akasema. "Hapo ndipo tulipofia sote."

Akageuza uso, wala hakutoka.

Hadithi yangu inalala hapo, wanangu, na mwenye kuiamsha aiamshe kwa adabu: mwenye nguvu akiukataa ukweli wa mnyonge, uongo utakaofuata utawagharimu wote wawili.